Mzee anaingia thieta, chumba cha upasuaji, kesho, na wewe ndiye unayemuuguza

Sajini mmoja mstaafu, mtu wa Koboko, aliletwa kwetu kupasuliwa ngiri. Wiki mbili kabla, kliniki, presha yake ilikuwa 150 kwa 90. Asubuhi ya upasuaji ikasoma 196 kwa 112. Tukangoja robo saa, tukapima mkono wa pili, ikawa vile vile. Daktari tayari alikuwa anatafuta jina la mgonjwa anayefuata. Nikavuta kiti nikakaa. "Afande, kitu gani kinakusumbua?" Akasema, "Hakuna. Mimi ni askari." Nikageuza swali: "Ukiingia mle ndani, huku nje unaacha nini?"

Akanyamaza. Halafu mkono ukaenda kiunoni, kwenye suruali aliyokuwa amekataa kuivua tangu alfajiri. Ndani ya mkunjo wa kiuno alikuwa ameshonea noti ishirini na nne za elfu hamsini, pesa za ng'ombe aliowauza. Wagonjwa wenzake walikuwa wamemwambia kwamba usiku kuna mwizi anayepita wodini. Kisu hakikumtisha hata kidogo. Alichokiogopa ni kuvuliwa suruali na watu asiowajua, alale, aamke hana kitu. Tukamwita binti yake, akakabidhiwa suruali mbele ya baba yake, akafumua uzi, akazihesabu noti kwa sauti. Nusu saa baadaye presha ilikuwa 164 kwa 94, tukaendelea na kazi.

Mimi ni mtu wa usingizi. Nimezaliwa Bombo, kwa Wanubi, nimekulia Kiswahili cha kambi za jeshi, na kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuwalaza watu ili wapasuliwe, na kuwaamsha. Nimestaafu. Ninamwandikia mtoto, mjukuu au mpwa aliyefika hospitali na beseni, shuka mbili, jerikeni na chupa ya chai, kwa sababu hapa Uganda huyo ndiye anayekaa na mzee usiku kucha. Nesi mmoja ana vitanda thelathini. Hofu ya mzee wako itaangukia mikononi mwako kabla haijanifikia mimi.

Na jambo la kwanza ambalo kila mtu hulifanya ni kumwambia, "Usiogope." Ukisema hivyo umemwambia mambo mawili: kwamba lipo la kuogopa, na kwamba wewe hutaki kulisikia. Atafunga mdomo. Kazi yako ni kutafuta hofu yake inaitwaje. Ya sajini iliitwa suruali.

Hofu ya mzee haisemi jina lake

Kijana akiogopa atakwambia. Mzee atasema yuko sawa, atasema ameishi vya kutosha, atasema Mungu yupo. Wewe tazama anachofanya. Anakwenda kukojoa kila dakika kumi. Anauliza gari la kurudi nyumbani linaondoka saa ngapi. Anagombana nawe juu ya chumvi kwenye mchuzi. Anakataa kula siku mbili kabla, wakati hakuna aliyemwambia afunge. Anaanza kugawa vitu: panga hili mpe fulani, kuku yule ni wa fulani.

Lakini kuna kitu kinachofanana na hofu na si hofu. Mzee akianza kuchanganya mchana na usiku, akamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, akawa mkali jioni na mpole asubuhi, huko ni kuchanganyikiwa. Kunaweza kuletwa na homa, mkojo wenye maambukizi, sukari iliyoshuka, maji kupungua mwilini au dawa. Mwambie daktari kabla ya upasuaji, wala usione haya. Wewe ndiye unayejua alivyokuwa mwezi uliopita. Sisi tumemwona leo tu. Maneno kama "baba yangu kwa kawaida hujua siku ya soko" yananisaidia mimi kuliko ukurasa mzima wa faili.

Anza wiki moja kabla, si usiku wa mwisho

Siku ya kliniki beba dawa zake zote kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, zile za hospitali na zile alizonunua dukani, na mizizi ya mganga pia. Usizitaje kwa rangi, zilete. Uliza moja moja: hii ameze asubuhi ya upasuaji au aache? Dawa nyingi za presha huendelea kumezwa na funda la maji, lakini ziko ambazo daktari ataziondoa siku hiyo. Za sukari zina hesabu yake. Za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, zinatakiwa kuzungumzwa siku nyingi kabla. Nimeona mzee anarudishwa nyumbani asubuhi ile ile kwa sababu ya kidonge kimoja ambacho hakuna aliyekitaja, na mzee aliyerudishwa nyumbani mara moja, mara ya pili huja na hofu maradufu.

Sema ukweli juu ya waragi, ile pombe kali yetu. Kama mzee hunywa kila jioni, niambie anakunywa kiasi gani. Sitamsema. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla wodini anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata kifafa siku ya pili au ya tatu, na watu watasema amerogwa.

Maliza mambo ya pesa na ya damu ya kuongezewa mapema, na uyamalize mbali na masikio yake. Wazee wengi hawaogopi kufa. Wanaogopa kuwaacha watoto na deni. Mzee akisikia mnanong'onezana kwenye korido juu ya shamba, tayari ameshalijua jibu, na jibu lake ni baya kuliko la kweli.

Kisha amueni nani atakaa naye. Mmoja, na mmoja wa kupokezana. Hapa nitasema jambo ambalo vitabu vya nje havilijui: kwa Baganda, usimpeleke mkwe. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaguswani, hawakai karibu karibu, na kuna wazee wanaoamini kabisa kwamba ukivunja mwiko huo unapata obuko, mwili unatetemeka. Nilimwona mama mmoja wa Mpigi amekaa kitandani wima kama kijiti, hataki kulala wala kubadilisha nguo, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba ana wasiwasi wa upasuaji. Aliyekuwa anamwuguza alikuwa mume wa binti yake, kijana mzuri, mwenye heshima zake, aliyejitolea kwa sababu ndiye pekee mwenye gari. Alipokuja mjukuu wa kike, bibi akalala usingizi saa nzima mchana.

Maharage matano

Mwaka 1996 wataalamu wa Amsterdam walichapisha maswali sita ya kupima hofu ya mgonjwa kabla ya upasuaji. Mawili yanahusu usingizi: je, unakutia wasiwasi, na je, unaufikiria muda wote? Mawili yanauliza hayo hayo juu ya upasuaji wenyewe. Mawili ya mwisho yanauliza kama unataka kuelezwa yote kuhusu usingizi, na yote kuhusu upasuaji. Kila jibu lina alama moja mpaka tano. Yale manne ya hofu hujumlishwa, na mtu akifikisha kumi na moja au zaidi anahesabiwa kuwa na hofu ya kutosha kushughulikiwa.

Wazee wetu hawapendi kuulizwa namba. Mimi niliweka maharage matano mfukoni. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nayamwaga kwenye shuka, nasema: kama hofu yako ni ndogo, nisogezee moja, kama imejaa kifua, nisogezee yote. Mikono ya mzee ikishika maharage inapata kazi ya kufanya, na macho yanapata pa kutazama zaidi ya uso wangu. Wewe nawe unaweza, huhitaji cheti.

Bibi mmoja wa Luweero, aliyekuja kuondolewa uvimbe, alisogeza harage moja kwa upasuaji. Kwa usingizi akasogeza matano, tena akayasukuma kwa kiganja chote. Nikauliza, "Jaja, kwenye usingizi kuna nini?" Akatazama kama binti yake yuko mbali. Akanisogelea sikioni: mtu akilazwa kwa dawa, ni kweli anasema siri zake? Alikuwa na siri, na aliibeba miaka mingi. Sikuuliza ni ipi. Nikamwambia: ukiwa umelala hasa husemi neno, maana mara nyingi kuna mpira wa kupumulia kooni; wakati wa kuamka unaweza kubwabwaja maneno mawili matatu, na hapo tutakuwepo mimi na nesi tu, na hatuchukui maneno ya mgonjwa nje. Akayavuta maharage manne, akaliacha moja. "Hilo moja ni la kisu," akasema, "hilo nitalibeba."

Yale maswali mawili ya mwisho, ya kutaka kujua, usiyaruke. Kuna mzee anayetaka kuelezwa kila kitu, mpaka uzi wa kushonea ni wa rangi gani. Kuna mwingine anayesema, "Mimi nimewaachia ninyi, mniamshe tu." Huyu wa pili ukimshindilia maelezo unamwongezea mzigo. Mwulize kwanza: nikueleze, au nikwambie tu tutakapofika?

Usiseme nusukaputi

Kiswahili chetu cha zamani kina neno nusukaputi. Wazee wa jeshini wanalijua, na wanalisikia lilivyo: nusu ya kufa. Unamwambia mtu wa miaka sabini na nane kwamba kesho atapigwa nusukaputi, halafu unashangaa hakulala. Sema atalazwa usingizi kwa dawa, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa kichwani pake mwanzo mpaka mwisho, hatoki, anatazama pumzi, presha na mapigo ya moyo. Wazee wengi hawajui kama mtu huyo yupo. Wanadhani unachomwa sindano, unaachwa, na daktari wa kisu ndiye anayejua kama umeamka. Nikiwaambia, "Mimi sipasui, mimi nakulinda tu," mabega yanashuka.

Na mara nyingi mzee hatalazwa kabisa. Kwa ngiri, tezi dume au nyonga iliyovunjika, mara nyingi tunatumia ganzi ya mgongo. Mweleze hivi: utaketi, utainama mbele kama mtu anayefunga kamba za viatu, mtu atakushika mabega. Utasikia baridi ya dawa ya kusafisha, kisha mchomo mdogo. Miguu itapata joto, halafu itakuwa mizito kama magunia ya mahindi. Utasikia watu wanaongea, utasikia kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu. Ukisikia maumivu utasema na tutafanya kitu. Na lililo muhimu kuliko yote: miguu itaendelea kulala baada ya kutoka thieta, kwa kawaida saa mbili mpaka nne, ndipo irudi. Wengi hatuwaambii hili. Nimesikia mzee analia kwenye chumba cha kuamkia kwamba wamemkata miguu bila kumwuliza. Alikuwa haihisi, na alikuwa amefunikwa blanketi. Alihitaji sentensi moja, jana yake.

Mwambie na habari ya mpira wa mkojo kama atawekewa, hasa wanaume. Ule mpira unamfanya mtu ajisikie anataka kukojoa wakati wote. Asipoambiwa atauvuta.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Pale mzee huwa macho, jicho limetiwa ganzi, uso umefunikwa kitambaa, na kazi inaweza kwisha chini ya nusu saa. Kinachowashinda ni kile kitambaa: kujisikia kuzibwa. Mfanyishe mazoezi nyumbani. Alale chali, mfunike uso kwa kitambaa chepesi dakika tano, kisha kumi, huku unaongea naye. Mfundishe kuinua kidole akitaka kukohoa, badala ya kuinua kichwa. Na mwombe nesi, kama kuna mtu wa ziada, amshike mkono. Mkono tu, mtu amshike.

Mzee mmoja wa Masindi alinikatalia mambo yote hayo. Kupasuana, alisema, ni desturi za wazungu, babu zake walikufa wazima. Nikamsimulia habari ya Kahura, huko huko Bunyoro. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza, Robert Felkin, alimwona mganga wa Kinyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo mganga alinawia mikono na kusafishia tumbo. Alizuia damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa pini za chuma na kamba, akapaka dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka mama na mtoto walikuwa hai, na mwaka 1884 habari hiyo ikachapishwa Edinburgh. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na wewe pombe yako ya ndizi iko wapi?" Nikamwonyesha kichupa cha dawa. Akacheka, akatoa mkono niutafutie mshipa.

Saa ya kufunga, na mtego wa saa zetu

Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani kwa watu wazima ni hii: chakula kizito chenye mafuta kikome muda wa saa nane kabla ya upasuaji, chakula chepesi muda wa saa sita, na maji matupu yanaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili. Hospitali yako inaweza kuwa kali zaidi kidogo. Fuata yao, lakini uliza habari ya maji peke yake, usikubali "asiweke kitu mdomoni" bila kuuliza. Chai kavu isiyo na maziwa huhesabiwa pamoja na maji. Maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Bushera, kile kinywaji cha nafaka, ni chakula, hata kikiwa chepesi namna gani.

Sasa mtego. Nesi alimwambia mjukuu, kwa Kiingereza, kwamba bibi asile tena ikifika mbili usiku, maana yake saa nane zetu. Mjukuu akapeleka ujumbe: "saa mbili." Bibi akaacha chakula saa mbili jioni, na kwa kuwa ni Mwislamu na anajua saumu ilivyo, akaacha na maji. Orodha ikachelewa. Aliingia saa saba mchana, amekaa saa kumi na saba hajaonja hata tone. Alikuwa na kizunguzungu, midomo imepasuka, mapigo mia na ishirini, na kila mtu akisema, "Masikini, anaogopa." Alikuwa na kiu. Kwa hiyo ukipewa saa, irudie mbele ya aliyeitoa: "Saa nane za usiku, baada ya watu kulala, sivyo?" Na Mwislamu mwambie wazi kwamba hii si saumu, maji ni ruhusa mpaka saa uliyotajiwa.

Alfajiri uliza mzee ni wa ngapi kwenye orodha. Mwenye sukari aombewe kuwa wa mwanzo. Kama ni wa tano, uliza kama anaweza kupewa maji.

Usiku

Punguza watu. Kundi la maombi la watu kumi na wawili kuzunguka kitanda, wote wanalia, linamwambia mzee kitu kimoja tu, na si uponyaji. Mchungaji mmoja, imamu mmoja, sala fupi, basi. Na yule jirani anayekuja na habari za mtu aliyekufa mezani mwaka juzi, mwombe akusaidie kwenda kununua sabuni.

Muziki umefanyiwa utafiti mwingi na hupunguza hofu hii, tena hauna madhara. Lakini uwe wake. Kwaya kwa mtu wa kwaya, kisomo cha Kurani kwa mwenye nacho, redio kwa aliyezoea kulala na redio. Si nyimbo zako kwenye simu yako.

Sasa nikiri kosa langu. Mama yangu mzazi alipangiwa jicho, na usiku hakupata usingizi. Mimi, mtu wa usingizi, nilimpa nusu kidonge cha diazepamu, dawa ya kutuliza, bila kumwambia mtu. Nilijiona ninajua. Alfajiri alikuwa hajui yuko wapi, anatafuta ng'ombe chini ya kitanda, miguu haimbebi. Wakaahirisha. Ilichukua karibu siku mbili akili itulie, na mpaka alipofariki alikuwa akiniita "yule aliyenilewesha." Kwa wazee, dawa za jamii hiyo huvuruga akili, huangusha watu, na zikikutana na dawa zetu pumzi hupungua. Kama hofu ni kubwa sana, mwambie daktari wa usingizi. Yeye ndiye anayeamua. Duka la dawa la ng'ambo ya barabara lisikuamulie.

Asubuhi, na lugha ya kusema naye

Hina nyeusi na rangi ya kucha viondolewe siku kadhaa kabla, angalau kwenye vidole viwili, maana kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinaweza kudanganyika. Pete itolewe kwa sabuni. Hirizi na rozari usivinyofoe. Mwulize nesi; mara nyingi huwekwa kwenye kifuko, kikafungwa kwenye kifundo cha mkono kilicho mbali na kidonda, au mzee akakuona wewe unakishika. Jino linalotikisika lisemwe.

Miwani na kifaa cha kusikia vibaki mwilini mpaka dakika ya mwisho inayoruhusiwa. Mzee asiyeona wala kusikia anaviringishwa kwenye machela akitazama taa za dari zinapita, na nyuso zilizofungwa barakoa zinamwinamia. Hata mimi ningeogopa. Meno ya bandia hutolewa karibu na mlango, chini ya shuka. Mama mtu mzima hataki wodi nzima imwone bila meno. Omba blanketi, thieta kuna baridi.

Mwambie pia kwamba ataulizwa jina lake, na atapasuliwa nini, na upande gani, zaidi ya mara tatu na watu tofauti. Wazee hudhani tumepoteza faili. Huo ni utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na kuuliza tena na tena ndiko kunakozuia tusikosee mtu wala mguu.

Kisha lugha. Bibi mmoja wa Masaka nilimpokea kwa Kiswahili, kama nilivyozoea. "Mama, lala chali. Mikono kando." Akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilidhani ni baridi. Mwanawe baadaye alinieleza: miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu wa bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, na amri ya kwanza pale ilikuwa lala chini. Tangu siku hiyo kwa wazee wa Kiganda huanza na "Wasuze otya nnyabo," yaani umeamkaje mama, hata kama Luganda changu kinachechemea. Lakini mzee Mkongo aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikaa siku nne hasemi, ameandikwa kwamba hana ushirikiano. Nilimwambia, "Jambo papa, ulilala muzuri?" Akalia, kisha akaongea dakika arobaini. Basi usiache tukisie. Mwambie nesi wa thieta: huyu zungumza naye lugha hii, mwite hivi. Andika kwenye kipande cha plasta ubandike juu ya faili.

Akikataa

Wapo wanaokataa mlangoni. Usimshike mkono ukamwekea dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Nimeliona hilo, na ni kosa. Mrudishe kitandani, mpe muda, muulize lile swali la sajini. Mara nyingi kuna neno moja. Akibaki na msimamo wake, akili yake timamu na ameelezwa, ni haki yake, hata kama wewe umeuza pikipiki.

Akitoka

Uwe pale. Usiwe umeenda kula. Sauti ya kwanza anayoijua iwe yako, na maneno yawe mafupi: imekwisha, uko hospitali, leo ni Jumanne mchana, miguu itarudi. Rudia kila atakapouliza, bila kuchoka wala kumcheka. Usimwulize anaumwa wapi, pesa zilikuwa wapi, wala anamkumbuka nani, kabla hujamvisha miwani, ukamrudishia meno, na kifaa cha sikio kikawashwa.